Vijana Wangu Kumi na Wanne

Mama alifariki Jumatatu alfajiri. Jumatano jioni nilisimama mbele ya vijana wangu kanisani, macho yamevimba, nikawaomba wanisaidie kumzika. Niliwaambia mazishi yangekuwa Jumamosi nyumbani kwetu Shinyalu, na kwamba watu wangekuwa wengi kwa sababu mama alikuwa mkunga na nusu ya kijiji ilipita mikononi mwake. Niliwaeleza kwamba chemchemi iko chini kabisa bondeni, na sisi watoto wake magoti yetu yamekwisha, hatuwezi kupanda na kushuka na mitungi siku nzima. Nikawaomba wachote maji, wagawe chakula, waoshe sahani, na jeneza likitolewa nje waimbe wimbo aliokuwa akiupenda.

"Tutakuja, Mwalimu," alisema msichana mrefu aliyekuwa kiongozi wao. "Wewe usijali."

"Wote?"

"Wote kumi na wanne."

Wengine wakaitikia kwa kichwa. Mmoja alikuja hata akanishika mkono. Usiku huo nilipata usingizi kwa mara ya kwanza tangu mama atutoke.

Ili mtu aelewe kilichonipata, lazima nieleze vijana hawa walikuwa nani kwangu. Mimi ni fundi cherehani. Nina duka dogo mjini Kakamega na nyumba ya kupanga mtaa wa Shieywe. Sikujaliwa mtoto. Ndoa yangu ilikwisha kwa sababu hiyo, bila kelele, na niliporudi mjini mchungaji wetu aliniomba nichukue darasa la vijana. Hakuna mwingine aliyelitaka. Walikuwa wa miaka kumi na mitatu hadi kumi na minane, wanachekacheka ibadani na kuandikiana ujumbe kwenye simu wakati wa mahubiri. Mimi nikawachukua, tena kwa mikono miwili.

Kila Jumamosi saa nane mchana walikuja kwangu. Siku hizo niliamka mapema, nikakanda unga wa mandazi, nikachemsha maharagwe, nikatandika mikeka. Walikula, tukasoma Neno, tukaimba, tukazungumza mambo yao: masomo, wazazi, hata wale wapenzi waliodhani siwajui. Aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo nilimtafutia msaada. Pasaka moja niliwashonea wote mashati ya zambarau, kumi na manne, na sikupokea hata shilingi. Walipoondoka niliosha vikombe peke yangu huku nikiimba. Nilijiambia kwamba Mungu hakunipa mmoja, amenipa kumi na wanne, nami nitawalea kwa upendo mtupu, bila fimbo wala makelele, ili wakue wawe watu wa upendo.

Yule msichana mrefu nilimpenda kuliko wengine, na sikujua kulificha hilo. Alikuja kwangu akiwa na miaka kumi na mitatu, anaishi na mjomba wake, mama yake yuko mbali upande wa miwa akifanya kazi ya kukata na kupalilia. Sare yake ya kwanza ya sekondari niliishona mimi. Alikuwa akija dukani baada ya shule, anakaa karibu na mashine, ananisimulia kila kitu. Watu walipouliza kama ni binti yangu sikukana haraka. Nilingoja kidogo kwanza, nionje ladha ya lile swali.

Kulikuwa pia na watoto wengine, ambao sikuwahi kuwathamini. Kaka yangu alihamia Likuyani zamani, akanunua shamba la mahindi, akaoa huko. Ana mabinti watatu. Kila Krismasi walipokuja Shinyalu nilisikitika. Walizungumza kwa sauti kubwa kama watu wanaoitana ng'ambo ya mto, hawakujua aya hata moja, na mama yao aliwatuma kutwa kucha. "Wewe, kuni! Wewe, hebu angalia kama kukhu ana maji ya kunywa!" Kukhu ndivyo walivyomwita mama yangu, bibi yao. "Na wewe mbona umekaa kwenye kiti na yule mzee amesimama?" Hata mdogo wao, akiwa na miaka saba wakati huo, hakuachwa apumzike.

Krismasi moja nilishindwa kuvumilia, nikamwambia mama yao, "Wifi, unawafanya watoto wako vijakazi."

Alinitazama, akacheka, akaendelea kupepeta maharagwe. "Na wako wa mjini wanafanyanga nini?"

"Wanamjua Mungu," nikamjibu.

Ijumaa, siku moja kabla ya mazishi, tulikaa kupanga kazi. Kaka alitaka kuomba vijana wa kijiji wasaidie. Nilikataa. Nilimwambia, mbele ya shangazi zetu na majirani, "Kazi ya maji na sahani niachieni mimi. Vijana wangu wanakuja. Nimewakodia gari."

Shangazi yetu mmoja aliuliza kwa upole, "Hao wa kanisa? Watafika kweli?"

"Wamenipa neno lao," nikasema. Naikumbuka sauti yangu. Ilikuwa na majivuno, tena majivuno ya mtu aliyengoja miaka mingi apate kitu cha kujivunia mbele ya jamaa zake.

Jumamosi dereva alinipigia simu saa mbili asubuhi. "Mama, niko hapa kwa lango la kanisa tangu saa moja. Sijaona mtu."

"Ngoja kidogo, vijana hawajui kuamka."

Saa tatu akapiga tena. "Mlinzi anasema amewaona wakipita mapema na gari lingine. Wamejaa ndani, wamevaa mashati ya zambarau."

Moyo wangu uliruka kwa furaha. Nilielewa kwamba wamejitafutia usafiri wao wenyewe ili wasinigharimu. Nilimwambia dereva aende zake, nikamfuata kaka palipokuwa panasimamishwa hema. "Wako njiani," nikamwambia. "Wamevaa sare niliyowashonea. Wametafuta gari wao wenyewe." Kaka alinipiga begani. Nikawa naangalia barabara.

Mtu wa kwetu anajua mazishi ya mkunga yanavyokuwa. Kufikia saa nne hema lilijaa na watu wakaanza kukaa kwenye nyasi, chini ya miti, hadi kwenye kingo za shamba la chai la jirani. Wapishi walikuwa na sufuria sita motoni. Mapipa ya maji yaliyojazwa jana yake yalikuwa yanakaribia kukauka, na mpishi mkuu, mama mmoja mnene mwenye ulimi mkali, alikuwa anauliza kwa sauti, "Hao wa kuchota maji wako wapi? Nisonge obusuma, ugali wa watu wote hawa, kwa mate?"

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikampigia yule msichana mrefu. Simu iliita hadi ikakatika. Nikapigia wengine watatu, mmoja baada ya mwingine, na zote zilikuwa zimezimwa. Nilidhani pengine wamepata ajali. Kisha, nikiwa bado na simu mkononi, nikaona kwamba yule msichana mrefu ameweka picha mpya, zile ambazo kila mwenye namba yake anaweza kuziona. Nikafungua.

Walikuwa jukwaani, katika ukumbi mmoja mjini. Kulikuwa na mashindano ya densi ya vijana. Nilihesabu vichwa, na walikuwa kumi na wanne kamili. Mashati yangu ya zambarau yalikuwa yanang'aa chini ya taa, na yule msichana mrefu alikuwa mbele, mikono juu, anacheka. Chini ya picha ameandika, "Siku yetu!"

Nilikaa juu ya gogo la kuni. Sikulia. Nilijiuliza jambo la kipumbavu kabisa, kwamba yale mashati aliyapiga pasi nani, kwa sababu yalikuwa yamenyooka vizuri.

Wifi yangu ndiye aliyenikuta pale. Nikampa simu. Alitazama ile picha kwa muda, akanirudishia. Nilikuwa tayari kwa maneno yake, maana nilistahili. Lakini alisema tu, "Basi inuka. Maji yameshaanza kuja."

Nilipotokea mbele niliwaona. Binti yake mkubwa, wa miaka kumi na mitano, alikuwa anapanda kutoka bondeni na mtungi kichwani, leso imefungwa kiunoni, jasho linamchuruzika. Wa pili alikuwa nyuma yake, naye amekusanya watoto wa kijiji ambao hakuwajua hata majina. Nilimsikia akiwaita, "Wewe na wewe, shikeni hii. Nyinyi wawili chukueni ile ndogo. Mpishi anangoja." Watoto kumi, kumi na wawili, wakamfuata kwa mstari. Yule mdogo alikuwa na kazi yake mwenyewe. Alikuwa anazunguka kwa wazee na kikombe na jagi, na kila jua lilipomfikia mzee mmoja alimsaidia kusimama, akamsogezea kiti kivulini, akamketisha tena.

"Walianza lini?" nilimuuliza mama yao.

"Tangu asubuhi. Huyu mkubwa aliniambia mapipa hayatatosha. Nikamwambia, kama umeona, mbona unaniambia mimi?"

Jeneza lilipotolewa nje hakukuwa na kwaya. Kaka aliangalia upande wangu, mimi nikaangalia chini. Mwishowe wanawake wa kijiji, wale ambao mama aliwazalisha, wakauanzisha ule wimbo wenyewe. Waliuanzia juu mno, ikabidi washuke katikati. Sikuweza kuimba nao. Nilikuwa nimesimama kando ya kaburi la mama yangu na nilikuwa nawawazia watoto wa watu wengine, na hilo pia sikuwasamehe. Waliniibia hata kilio changu.

Jioni, watu walipopungua, yule binti wa pili aliniletea chai na kipande cha ingokho, mguu wa kuku aliouficha mahali.

"Shangazi, hujakula tangu jana. Nimekuangalia."

"Nani amekutuma?"

Alionekana kutolielewa swali. "Hakuna," akasema, akaenda kuosha sahani.

Nilikaa Shinyalu wiki mbili, kama ilivyo desturi kukaa na nyumba ya marehemu. Hakuna hata mmoja wao aliyepiga simu. Niliporudi Shieywe, Jumamosi ya kwanza, saa nane mchana, mlango ukabishwa. Walikuwa tisa, yule msichana mrefu mbele yao. Alikuwa ameshika kadi ya rambirambi yenye picha ya maua, na wote wameandika majina ndani.

"Pole sana, Mwalimu," wakasema kwa pamoja. Wakaketi kwenye makochi, wakangoja. Nilielewa walichokuwa wakingoja. Walikuwa wanangoja chai.

Sikuwa nimepika kitu. Nilikaa mbele yao na kadi mapajani.

"Niambieni kilichotokea," nikasema.

Mvulana mmoja akaanza kuuchokonoa uzi wa mkeka kwa kidole cha mguu.

"Mwalimu, yale mashindano tulikuwa tumejiandikisha mapema," alisema msichana mrefu. "Wiki mbili kabla."

"Kwa hiyo Jumatano ile, uliponiambia wote kumi na wanne, ulikuwa unajua."

Aliinamisha kichwa.

"Nakuuliza. Ulikuwa unajua?"

"Ulikuwa unalia, Mwalimu. Tungekuambiaje hapana?"

"Mngesema hapana. Ningemwambia kaka yangu atafute wengine. Nilimkataza, unasikia? Nilimkataza kwa sababu yako."

Msichana mwingine, mdogo zaidi, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nilidhani wengine wataenda. Nilidhani wachache tu ndio watacheza."

"Hata mimi," akasema mwingine.

Nikamgeukia tena yule msichana mrefu. Labda nilitaka alie. Labda nilitaka aseme kwamba alinikumbuka hata mara moja siku ile, kati ya wimbo na wimbo. "Na wewe? Wewe ulidhani nini?"

Aliinua macho. Hakuwa na ujeuri, nataka hilo lieleweke. Alikuwa anasema ukweli kama anavyoujua.

"Nilijua utatusamehe, Mwalimu. Wewe hukasirikangi."

Hayo ndiyo maneno yaliyonikata. Kama angenitukana ningejua pa kuliweka tusi lake. Lakini alinionyesha kwamba miaka ile yote, alipokaa karibu na mashine yangu, alikuwa akijifunza kitu, na kitu chenyewe ni hiki, kwamba mimi ni mtu ambaye ukimvunja havunjiki.

Nilisimama. Niliwaambia mambo mengi. Niliwaambia kwamba watoto wasiojua aya hata moja walimzika mama yangu huku wao, wanaokariri vitabu vizima, wanacheza densi kwa kitambaa nilichokikata kwa macho yangu mabovu. Niliwaita wanafiki. Sauti yangu ilipanda hadi jirani akachungulia dirishani. Kisha nikafungua mlango, nikasema, "Nendeni kwenu." Wakatoka mmoja mmoja. Msichana mrefu alikuwa wa mwisho. Alisimama kizingitini kana kwamba anangoja nimwite. Sikumwita.

Mchungaji alikuja baada ya wiki tatu kuniuliza kwa nini nimefunga darasa. "Ni watoto, dada yangu," alisema. "Watoto hukosea."

"Mtoto wa miaka kumi na minane?"

"Wewe ni mama yao wa kiroho."

"Mimi si mama wa mtu," nikamwambia, na nikaona aibu mara tu maneno yalipotoka, lakini sikuyarudisha.

Mahindi yalipokomaa nilifunga duka nikaenda Likuyani kwa kaka. Nilisema naenda kusaidia mavuno. Kwa kweli nilikuwa nakimbia Jumamosi, na kila saa nane mchana.

Huko ndiko nilipomtazama wifi yangu kwa mara ya kwanza kama mtu anayejua kitu nisichokijua. Sikuona miujiza. Watoto wake waligombana, walinuniana, yule wa pili alikuwa mvivu wa kuamka na aliitwa mara tano kila asubuhi. Lakini siku ya tatu jirani yao, mwanamke aliyejifungua karibuni, alikuwa na mahindi yamekatwa shambani na wingu limefunga. Wifi hakuwahubiria watoto. Alifunga leso, akasema, "Twendeni," akawa wa kwanza kutoka. Nasi tukamfuata. Tulimenya mahindi ya mwanamke yule hadi mikono ikachubuka.

Tulipokuwa tunakula, wifi aliwauliza, kama mtu anayeuliza habari za sokoni, "Mmemwonaje mama yule?"

"Amechoka," akasema mkubwa.

"Umejuaje?"

"Alikuwa anakaa kila mara. Na alikuwa anacheka hata pasipo na kichekesho."

"Mtoto hajafuliwa nguo," akasema mdogo. "Zimejaa karai."

"Basi kesho?" akauliza mama yao.

Yule wa pili akavuta midomo. "Sawa, mimi nitafua," akasema kwa hasira, kama mtu aliyeshindwa mchezo. Wifi hakumsifu. Alimwongezea mboga.

Baadaye, tukipukuchua mahindi sisi wawili, nilimweleza yote: chai, mandazi, mashati, yale maneno ya msichana. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Wifi," akasema, "hawa watoto wako, siku moja tu, mmoja wao alishawahi kuosha kikombe chake kwako?"

Nilikumbuka kwamba yule msichana mrefu, mwaka wa kwanza, aliinuka akaanza kukusanya vikombe. Nilimnyang'anya. Nilimwambia, "Kaa, mwanangu, wewe umekuja kupumzika." Alijaribu tena mara mbili au tatu, halafu akaacha.

"Niliwapenda," nikasema.

"Najua uliwapenda. Lakini mtoto usipomtuma, atajuaje kwamba nyumba inamhitaji? Na akikukosea usipouma meno, atajuaje kwamba una mahali panapouma?"

Sikulipokea jambo hilo vizuri. Nilimwambia kwamba kumtuma mtoto hakumfundishi kutimiza ahadi. Kwamba walikuwa wakubwa, wana akili, walijua maana ya mazishi. Akasema ni kweli, walinikosea, naye hasemi hawakunikosea. Tukaendelea kupukuchua. Lakini mambo mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, na moja lisilifute jingine. Walinisaliti. Na mimi nilikuwa nimewalea kama wageni wa kudumu, kwa sababu nilipenda kuwa mtu anayetoa. Kuomba kitu kungeonyesha kwamba nina upungufu, na mwanamke aliyerudishwa kwao kwa kukosa mtoto hapendi kuonyesha upungufu wowote.

Mwaka mpya ulipoanza nilimwambia mchungaji nitafungua darasa, ila kwa njia nyingine. Hatungekutana kwangu. Tungekutana kwa watu. Mtaani kwetu kuna mzee na mkewe ambao wote wawili miguu haiwabebi, na kuna kina mama wagonjwa, na kuna kisima cha mtaa ambacho mfereji wake huziba kila mvua. Tungefanya kazi kwanza, nami ningefanya nao. Kisha tungekaa pale pale tuzungumze tulichokiona. Chai ingekuwepo, na atakayekunywa ataosha kikombe.

Jumamosi ya kwanza walikuja sita. Ya pili wakaja wanne. Mzazi mmoja alinisimamisha nje ya kanisa. "Mimi namtuma binti yangu kujifunza Neno," alisema, "sio kufulia watu blanketi." Nilimjibu kwamba binti yake ana uhuru wa kukaa nyumbani. Akakaa nyumbani. Sikumfuata, na hilo lilikuwa jambo geni kwangu, kumwacha mtu aende.

Msichana mrefu hakuja hata mara moja. Nilimtumia ujumbe, mmoja tu, nikimwambia siku na mahali. Aliusoma. Baadaye nilisikia ameingia chuo huko Eldoret. Tulikutana sokoni alipokuwa amerudi likizo. Alinisalimu kwa mikono miwili, akainama kidogo kama nilivyomfundisha, akaniuliza habari za macho yangu. Nikamjibu vizuri. Nilitaka kumwuliza kama aliwahi kwenda kuliona kaburi la mama, ambaye alimpa machungwa kila tulipokwenda naye Shinyalu, lakini nilijua jibu. Alisema atapita dukani kabla ya kurudi chuoni. Hakupita. Sikumngoja sana. Nasema hivyo, lakini siku mbili za mwisho za likizo yake nilifunga duka nikiwa nimechelewa.

Sijampata wa kuketi pale karibu na mashine. Nimejaribu kumsamehe, na nadhani nimemsamehe kwa namna ile ambayo mtu husamehe deni asiloweza kudai. Lakini jambo la kumwamini ni lingine. Wakati mwingine napiga pasi shati la mteja, naona zambarau, na nafunga macho kidogo.

Wale wanne sasa ni saba. Si watakatifu. Mmoja hujificha chooni wakati wa kazi ya mfereji, na nimemwambia mbele ya wenzake kwamba namwona. Msichana mmoja alimjibu vibaya yule mzee asiyeweza kutembea, nikakasirika waziwazi, nikamwambia jinsi nilivyojisikia, naye akarudi peke yake kumwomba radhi. Nimejifunza kukasirika nikiwa na miaka hamsini na tatu. Bado sijakuweza vizuri. Wakati mwingine nazidisha.

Mwezi uliopita tulipanga kwenda kumhamishia mama mmoja vyombo vyake, kwa sababu nyumba aliyopanga ilikuwa inabomolewa. Ijumaa mchana mvulana mmoja, wa miaka kumi na mitano, alikuja dukani. Alisimama mlangoni, amevaa sare ya shule, anahamisha mkoba kutoka bega moja hadi jingine. Mteja alikuwepo, akangoja hadi alipoondoka.

"Mwalimu, kesho sitakuja."

"Kwa nini?"

"Kuna mechi. Nataka kucheza. Sio kwamba nimelazimishwa." Akaushusha mkoba sakafuni. "Nimeongea na binamu yangu, yeye atakuja mahali pangu. Ana nguvu kunishinda. Nimeona nikuambie leo, usije ukanihesabu."

Nilimtazama kwa muda mrefu hadi akaanza kuogopa.

"Umekasirika?" akauliza.

"Kidogo," nikamwambia. "Asante kwa kuniambia."

Akaitikia, akatoka akikimbia. Kesho yake nilipofika saa moja asubuhi, binamu yake alikuwa amenitangulia, na amekwisha kulibeba kabati.